Nyeupe Niliyovaa Kazini

Nilipata kazi ya kudumu kwa sababu ya koo langu. Wenzangu wengi pale mezani walikuwa na vidole vyepesi kuliko vyangu, na walinitangulia kwa miaka, lakini walibaki vibarua wa kuitwa leo na kuachwa kesho. Mimi niliandikiwa mkataba, kwa kuwa siku moja kapita, msimamizi wetu, alinisikia nikiimba huku nachambua kahawa, akasimama nyuma yangu mpaka wimbo ukaisha.

"Weye Mswahili iko na sauti," akasema. "Utaingia animasiyo."

Vijana wa siku hizi hawaijui animasiyo, na sina hakika kama wamekosa kitu. Mchana mmoja kila wiki kazi zilisimama katika ofisi na viwanda vya Kigali, watu wakatoka uani kuimba na kucheza kwa ajili ya chama na mkuu wa nchi. Chama kilikuwa kimoja, na kila raia alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Makarani wenye tai walicheza, madaktari walicheza, na sisi wachambuzi wa kahawa wa bondeni Gikondo tulicheza tukiwa na vumbi la maganda kwenye nyusi. Makundi yalishindanishwa, na kapita mwenye kundi zuri alionekana na wakubwa. Kapita wetu alilitunza lake kama ng'ombe wa mahari. Mimi nikawa sauti ya kwanza: narusha mstari, ua mzima unaupokea. Maneno ya nyimbo zile siyaandiki hapa. Sikuyaamini hata siku moja, ila kuimba nilikupenda, na uongo si tabia yangu.

Nilizaliwa na kulelewa Nyamirambo, upande wa chini, ambako Kiswahili kilizungumzwa jikoni na msikitini. Watu wa mitaa mingine walituita Waswahili, na jina hilo midomoni mwao lilikuwa nusu sifa, nusu tusi. Mswahili ni fundi wa magari, dereva, mwuza nguo, mtu wa maneno mengi asiyejua kushika jembe. Nilikuwa nimezoea. Mtu akiniita hivyo kwa dharau nilimjibu kwa mafumbo mpaka akajutia kinywa chake. Nilikuwa na ulimi mkali na nilijivunia.

Meza zetu zilikuwa ndefu, nasi tulikaa wawili wawili tukielekeana, sinia moja kati yetu. Mmoja anaondoa buni nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, mwingine anaondoa zilizovunjika, na macho yakichoka mnabadilishana. Kwa hiyo mtu uliyewekwa naye unamjua kuliko unavyomjua ndugu yako. Unajua alikula nini jana, amegombana na nani, na kama ana mimba kabla hajamwambia mumewe. Wangu alikuwa mwanamke mnene mwenye haya, Mkatoliki wa Gahanga, aliyeshuka alfajiri kwa miguu akiwa na viatu mkononi ili visichakae. Alikuwa kibarua. Akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja. Mezani alinisemesha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana alisema anataka kujua ninavyomsengenya na mama yangu.

Kitu kimoja hakujaliwa: sauti. Ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Kwenye animasiyo alisimama mstari wa nyuma akichezesha midomo tu, na kapita akipita anafungua kinywa kikubwa kisichotoa kitu. Nilimcheka sana kwa hilo. Naye aliniambia, "Mungu alikuwa anagawa sauti, weye ukachukua yako na yangu." Tulicheka mpaka buni zikamwagika.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akipita mpaka wa kaskazini kwenda na kurudi Mombasa. Vita vilipoanza mwezi wa kumi mwaka wa tisini, mpaka ule ukafungwa, akapewa njia ya Gitarama. Hakuizoea. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi, na lori lilimshinda kwenye mteremko wa kushuka Nyabarongo. Wenzake walimleta nyumbani wakiwa wamemfunika turubai. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo.

Kutoka kazini alikuja mtu mmoja tu, naye ni yule wa sinia langu. Kwao mtu haendi kutoa pole mikono mitupu, basi alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi kutoka Gahanga kote huko. Dini yangu aliikumbuka akiwa amekwisha fika mlangoni. Alikificha kibuyu kwenye migomba ya jirani, akaingia akitweta, akaketi mkekani kati ya wanawake wa Kiislamu asijue pa kuweka mikono. Mume wangu alipoletwa ndani tumuage, amekwisha vishwa sanda, alinishika kiganja akakiminya mpaka kikauma. Nilimshukuru kwa hilo.

Baada ya mazishi niliingia eda. Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, haendi kwenye shughuli, haimbi wala hachezi. Mwalimu wa msikitini alinieleza kwamba mwenye kulishwa atulie ndani, lakini asiye na wa kumlisha anaweza kutoka mchana kwa kazi yake, alimradi arudi nyumbani kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa na wanangu wawili wadogo na mama yangu mzee. Kazi ile ndiyo iliyokuwa chungu chetu cha jioni. Ruhusa ya msiba ilipokwisha nikajitanda shuka nyeupe, kama wajane wa mtaa wetu walivyojitanda tangu bibi zetu, nikashuka Gikondo.

Hapo ndipo shuka ile ilipoanza kuniharibia maisha, na ninataka ieleweke vizuri. Wanyarwanda wasio wa dini yetu wana mila zao za msiba. Wakati wa msiba husemwa kuwa mtu yumo katika weusi. Ukiisha, watu hunyoa, hunywa pamoja, na husemwa kuwa amekuwa mweupe. Mjane aliyekuwa mweupe anarudi shambani, anarudi ngomani, na akimpata mwanamume mwingine anaolewa. Sasa mimi naingia uani mweupe toka utosini mpaka kwenye vifundo vya miguu, na udongo wa kaburi la mume wangu bado haujatulia. Waliniona kama mwanamke aliyemaliza msiba kwa haraka ya kufukuza kuku. Hakuna aliyeniuliza. Waliangaliana tu, nami nikadhani wananihurumia.

Siku ya animasiyo kapita aliniita mbele.

"Siwezi, kapita," nikasema. "Niko msibani. Mpaka eda iishe."

Kapita alipenda kutugombeza kwa Kiswahili, kama makapita wa enzi za Wabelgiji. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Msiba gani? Weye iko mweupe pe! Msiba ya wapi iko na nyeupe?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu wapi?" Akageukia watu. "Kwao wapi huyu? Uganda?"

Adui wakati ule alisemwa ametoka Uganda, na kila mmoja alijua mume wangu alikuwa akipita huko na lori. Watu walikuwa wakikamatwa kwa kitu kidogo kuliko hicho. Kapita naye alijua amesema nini, maana alilainika kidogo, akatabasamu, akashika ncha ya shuka yangu. "Vua hii tuone kama ndani iko mtu ao iko inkotanyi," akasema, akitumia jina la waasi, akaivuta mpaka kichwa changu kikabaki wazi mbele ya wanaume.

Nilimpiga mkono. Si kofi la shavuni, kama ilivyosemwa baadaye. Nilimpiga mkono ulioshika nguo yangu, na kama ungekuwa mguu ningeupiga mguu. Nikajifunika, nikarudi mezani nikakaa. Huko uani waliimba bila sauti ya kwanza, na wimbo ukayumba kama mzigo usiofungwa.

Kesho yake mwenzangu alihamishiwa meza ya mbali, karibu na magunia. Niliachiwa sinia peke yangu. Siku za kwanza nilidhani nitaletewa mtu. Sikuletewa. Upande wa pili wa meza ulibaki benchi tupu, nami nilichambua upande wangu, kisha nikalizungusha sinia nichambue na upande wa mwenzangu. Wenzangu waliacha kunisalimu. Wanyarwanda husalimiana kwa kushikana mikono na mabega, salamu ndefu isiyo na haraka. Mtu akikupa ncha za vidole, umekwisha hesabiwa kuwa si mwenzao. Mimi hata ncha za vidole sikupewa. Adhuhuri walikula viazi vyao pamoja kivulini, nami nikala kwenye ngazi ya bohari. Ulimi wangu mkali haukunisaidia kitu, kwa sababu mafumbo yanataka mtu wa kuyasikia. Nilikuwa mpweke nyumbani kwa sababu ya kifo, na nilikuwa mpweke kazini kwa sababu ya shuka. Sikujua upweke upi ulinichoma zaidi. Sasa najua: ule wa kazini, kwa kuwa ule wa nyumbani ulikuwa wa Mungu.

Haukupita muda nikazuiwa langoni. Mlinzi, mtu aliyekuwa akinitania kila asubuhi, alisimama katikati ya njia akatazama mbingu. "Hapana ingia, mama. Iko amri." Nilifukuzwa kwa kumpiga mkubwa wangu na kukataa kazi.

Mtaani waliniambia nimshukuru Mungu, kwamba wengine wanachukuliwa na hawarudi. Mama yangu alisema mnyonge hana haki. Mimi nikasema nitamwona mkaguzi wa kazi, kwa sababu nilikuwa na mkataba, na kwenye mkataba niliandikwa mchambuzi, sikuandikwa mwimbaji.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye ofisi iliyonuka karatasi zilizolowa. Alinisikiliza huku akisafisha miwani. Sitamsingizia wema wala ubaya: alikuwa mtu aliyependa kanuni zifuatwe, basi.

"Kuimba si kazi yako kwa mkataba, hapo umesema kweli," akaniambia kwa Kinyarwanda. "Lakini wao hawasemi umefukuzwa kwa sababu ya kuimba. Wanasema ulimpiga mkubwa wako bila sababu, na kwamba msiba huo umeutunga baadaye. Na mimi nikikutazama, mama, samahani, mjane ninayemjua mimi akivaa nyeupe amekwisha maliza."

"Ua mzima ulinisikia nikisema niko msibani."

"Basi niletee mtu mmoja kutoka ua mzima."

Nilisimama karibu na lango la kiwanda saa za kutoka. Walipita watu niliowaimbia harusini kwao. Mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwenzangu wa sinia sikumwona. Niliambiwa hakuitwa kazini wiki ile, yuko shambani kwake. Nikajua itabidi nimfuate.

Wakati ule kwenda pembezoni mwa mji halikuwa jambo dogo. Kicukiro palikuwa na kizuizi, na askari aliyekishika kitambulisho changu alikisoma mbele na nyuma, akaitazama shuka, akauliza naenda harusi ya nani. Nilimwambia naenda kununua maharage. Kutoka hapo nilitembea kwa miguu mpaka Gahanga, katika njia nyekundu yenye utelezi, nikitazama jua kila mara kama mtu aliyekopa. Ilikuwa lazima nirudi kabla ya magharibi.

Nilimkuta akipalilia. Alinyooka, akafuta mikono, akanikumbatia salamu nzima, mabega na mikono na mgongo, ndefu kama zamani. Sikuwa nimeguswa na mtu mzima tangu mazishi. Nililia pale pale shambani, nikamkasirikia kwa kuniliza.

Nikamweleza ninachotaka. Alisikiliza akichoma udongo kwa ncha ya jembe. Mumewe alikuwa ametoka ndani, amesimama kizingitini, haji wala harudi.

"Yewe dada," akaniambia. "Mimi hapana kuwa na kontra. Weye iko na karatasi. Mimi iko na Mungu tu na kapita."

"Najua."

"Nikisema, hataniita tena."

"Najua hilo pia. Nimekuja kuuliza tu. Ukisema hapana, nitarudi na maharage yangu na bado nitakuita dada."

Mumewe akasema kitu kwa Kinyarwanda, kwa upole, kwamba nyakati ni mbaya na kwamba mtu mwenye watoto hasimami katikati ya mafahali. Hakuwa na kosa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Mwenzangu aliingia ndani akanijazia maharage kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka njia panda, na njia nzima alizungumza habari za mvua. Nikarudi Nyamirambo nikiwa na hakika kwamba sina mtu.

Siku ya kusikilizwa tuliitwa alasiri. Kapita alikuja na karani wa kiwanda, wamevaa beji za chama kifuani. Mimi nilikaa upande wa pili na kiti kitupu pembeni yangu. Nilianza kuvizoea viti vitupu. Kapita alieleza vizuri sana. Alisema nilipewa kazi ya kudumu kwa ajili ya sauti yangu, kila mtu anajua, na kwamba mtu akikataa kile alichoajiriwa kwa ajili yake amekataa kazi. Alisema nilikuja nimevaa nyeupe, nina furaha yangu, nikawadharau wenzangu, nikampiga. Mkaguzi aliandika. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani kwa ubavu, nami nikawaza magharibi, nikawaza watoto, nikawaza kuondoka tu niyaache.

Mlango ulibishwa. Aliingia akiwa na gauni lake la misa na matope mpaka magotini, viatu mkononi. Alivivaa pale pale mbele ya mkaguzi, mmoja baada ya mwingine, huku sote tukimsubiri.

Mkaguzi alimuuliza kama alinisikia nikisema niko msibani. Akajibu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ile ile ya mlango, ndogo, ikikwaruza, kwamba alinisikia, na kila mtu alinisikia, na kapita alinivua nguo ya kichwa mbele ya wanaume.

"Mjane gani anavaa nyeupe?" kapita akasema.

Hakumtazama. Alimtazama mkaguzi. "Nilikuwa kwao siku ya maziko, mheshimiwa. Nilimwona mume wake akienda ardhini amevikwa nguo nyeupe hiyo hiyo. Kwao nyeupe ni ya maiti. Huyu amevaa nguo ya mume wake."

Mimi mwenyewe sikuwahi kuifikiria hivyo. Nilivaa kwa sababu bibi yangu alivaa. Nilishika ncha ya shuka nikaitazama kama naiona mara ya kwanza, na nikaelewa nilichokuwa nikitembea nacho. Mkaguzi alivua miwani. Akaandika kwa muda mrefu kuliko alivyoandika maneno ya kapita.

Nilirudishwa kazini. Haki yangu nilipewa, muhuri ukagongwa, na mtaani wakasema huyu mwanamke ni shujaa. Niliingia getini asubuhi nikiwa nimenyoosha shingo. Kwenye meza ya karibu na magunia, mahali pake, aliketi msichana mgeni.

Nilikwenda tena kwa mkaguzi siku hiyo hiyo, adhuhuri, mbio. Nikamwambia mwenzangu amefukuzwa kwa kusema kweli mbele yake. Akanisikiliza. Akasema ana huzuni, na nadhani alikuwa nayo.

"Yule ni kibarua, mama. Kibarua hafukuzwi. Haitwi tu."

Kama kuna sentensi niliyoichukia maishani mwangu ni hiyo, na mpaka leo nikiona watu wanasubiri kuitwa asubuhi mbele ya lango lolote, inanirudia. Sheria ilinijua mimi kwa sababu niliwahi kuimba vizuri. Yeye, aliyefungua kinywa, haikumjua.

Nikaishi hivyo, mwenye haki yangu, kwenye meza ya watu wawili nikiwa mmoja. Waliokuwa wakinikwepa kwa shaka sasa walinikwepa kwa hofu, maana nilikuwa mtu wa kumpeleka kapita kwa serikali. Eda ikaisha. Wanawake wa mtaa waliniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanipaka hina, nami nilikaa katikati yao nikimwaza mtu wa kibuyu kwenye migomba. Maharage na sabuni nilimpelekea Gahanga mara nilipoweza. Alivipokea kwa mikono miwili. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kubeba.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha, ikasikika kwamba mkubwa wa chama atatembelea kiwanda. Kapita alikuja mezani kwangu. Hakuwa amenisemesha tangu kwa mkaguzi.

"Msiba imeisha," akasema, akiitazama kanga yangu. "Sasa utaimba?"

"Kwenye mkataba niliandikwa mchambuzi."

Alimeza mate. Mimi nilimwacha ayameze. Kisha nikamwambia nitaimba siku nitakapomwona yule wa Gahanga ameketi mahali pake, na awe na mkataba kama wangu. Alicheka. Alijaribu msichana mwingine, na mwingine tena, wote kwa siku chache. Niliwasikia nikiwa mezani wakirusha mistari inayoangukia njiani. Mkesha wa ziara, karani alimwita mwenzangu ofisini, naye akatia kidole gumba kwenye wino, akausaini mkataba wake.

Hawakumrudisha kwenye sinia langu. Aliwekwa kule kule kwenye magunia. Tuliangaliana kwa mbali, naye akajiziba mdomo kwa kiganja.

Ninaandika haya nikijua yaliyotufika miaka mitatu baadaye. Mwenzangu hakuvuka mwaka wa tisini na nne, yeye wala mumewe aliyesimama kizingitini, na wengi wa meza zile hawapo. Sikupata hata kaburi la kuvalia nyeupe. Kwa hiyo nilicho nacho ni ile siku ya ziara, na ndiyo ninayoirudia.

Mgeni aliketi kivulini na watu wake. Sisi tulijipanga uani, kapita pembeni akitoka jasho. Nilisimama mbele, peke yangu, na maneno ambayo sikuyaamini mdomoni. Nikafumba macho, nikaurusha mstari wa kwanza kwa nguvu zangu zote. Sauti ilitoka nzima, kama vile haikuwahi kulala. Nikanyamaza kusubiri jibu.

Hakuna aliyejibu. Sidhani walipanga. Kila mmoja alisubiri mwingine awe wa kwanza kuonekana ananipokea, mimi mjane wa dereva, mimi wa mkaguzi, na katika kusubiriana huko ua mzima ukawa kimya. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Nilifumbua macho nikaona mgeni anamtazama kapita, na kapita ananitazama mimi.

Ndipo kutoka mstari wa nyuma kabisa, upande wa magunia, mtu akaupokea mstari wangu. Sauti yake ilikuwa nje ya tuni, ikakwaruza, ikapotea, ikarudi. Hakuchezesha midomo tu siku ile. Alikuwa akiimba kweli, peke yake, mbele ya wakubwa wote wale, na nilimjua kabla sijageuka.

Nilimsubiri amalize. Kisha nikamrushia mstari wa pili.